Utando wa Grafini na Maji ya Mgonjwa wa Figo

Kuchemsha maji huua vijidudu. Fundisho hilo limehubiriwa katika kliniki za mama na mtoto kwa miaka mingi, nalo ni la kweli. Lakini lipo fungu la uchafu ambalo moto hauliwezi. Maji ya kisima cha chumvi yakichemshwa hubaki ya chumvi, na kadiri mvuke unavyotoka ndivyo chumvi inavyozidi katika maji yaliyobaki sufuriani. Ndivyo ilivyo pia kwa floraidi, madini yaliyomo kwa wingi katika maji ya sehemu nyingi za Arusha, Manyara na Kilimanjaro, na ng'ambo ya mpaka katika Bonde la Ufa la Kenya. Floraidi ikizidi huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia wakati yanapojengeka ndani ya ufizi, na mtu akiinywa kwa miaka mingi kwa kiwango kikubwa huathiri mifupa, hata viungo vikakakamaa na miguu ikapinda. Mama anayechemsha maji hayo kwa bidii, akaacha yatokote muda mrefu ili yawe salama zaidi, anamkinga mwanawe na kuhara, lakini floraidi anamwongezea.

Klorini ya kutibia maji nayo haisaidii hapa, wala chujio la udongo. Sababu yake ni ukubwa wa kitu kinachochujwa. Bakteria wa kawaida ana urefu wa mikromita 1 au 2, yaani nanomita elfu moja au mbili, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chumvi ikikorogwa katika maji huvunjika ikawa chembe ndogo zenye chaji ya umeme: sodiamu huwa na chaji chanya, kloraidi huwa na chaji hasi. Chembe hizo huitwa ayoni, na upana wake hata haufiki nanomita moja. Floraidi, naitreti, kalsiamu, magnesiamu na alumini iliyoyeyuka, zote huwamo majini kwa namna hiyo. Tundu linalomzuia bakteria huziachia ayoni zipite kama mchanga unavyopita katika wavu wa mvuvi.

Kwa mtu mwenye figo nzima, jambo hili lina nafuu yake. Utumbo huchagua nini kiingie, na figo hutoa kilichozidi. Hali ni nyingine kabisa kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine. Katika matibabu hayo damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba, na maji yaliyochanganywa na madini maalumu hupita upande wa pili, kwa kawaida mililita 500 kila dakika. Kwa saa nne hiyo ni lita 120. Kwa vipindi vitatu vya juma moja ni lita 360. Mtu mwenye afya anayekunywa lita mbili kwa siku hutumia lita 14 tu kwa juma. Mgonjwa wa figo, basi, hukutana na maji mara 25 zaidi, tena bila utumbo kusimama mlangoni na bila figo za kutoa kilichoingia kwa makosa.

Ndiyo maana viwango vya maji ya mashine hizo ni vikali kuliko vya maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita ya maji ya kunywa; kwa maji ya kusafishia damu kikomo ni miligramu 0.2. Alumini haipaswi kuzidi miligramu 0.01 kwa lita. Kikomo hicho cha alumini kilitokana na mateso ya watu. Mwaka 1972 Allen Alfrey na wenzake, mjini Denver, Marekani, waliandika habari za wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa muda mrefu ambao walianza kushindwa kutamka maneno, wakapatwa na degedege, kisha akili zikapotea. Mwaka 1976 walionyesha kwamba huenda alumini ndiyo iliyosababisha. Ilitoka katika dawa za kufunga fosfeti zilizotumika wakati huo, na mahali pengi pia katika maji yenyewe. Alumini huingia majini hata kwa nia njema: shabu, ambayo mitambo ya maji na watu wa majumbani huitumia kutuliza tope, ni chumvi ya alumini. Maji yaliyotulizwa kwa shabu huweza kunyweka bila shida, na maji yaleyale yakipelekwa katika mashine bila kusafishwa yakawa sumu.

Kisa cha floraidi kinafundisha zaidi, kwa sababu hapo chujio lenyewe ndilo lililodhuru. Mwezi wa Julai 1993, katika kitengo kimoja cha kusafishia damu mjini Chicago, wagonjwa 12 waliugua ghafla na watatu wakafariki. Maji ya mji ule huwekwa floraidi kidogo kwa ajili ya meno. Kitengo kiliyasafisha kwa chembechembe za resini, ambazo hunasa ayoni moja na kuachia nyingine. Resini ina kikomo. Ikijaa, ayoni zinazoshikamana nayo kwa nguvu huendelea kuingia na kuzisukuma nje zile zilizoshikamana kwa udhaifu. Na floraidi ni katika zile dhaifu. Kwa hiyo resini iliyochoka haikuacha tu kuzuia floraidi, bali ilitema kwa mkupuo ile iliyokuwa imeikusanya kwa muda. Chombo chochote kinachofanya kazi kwa kunasa kina hatari ya namna hii, ukiwemo mkaa wa mifupa unaotumika kaskazini mwa Tanzania kupunguza floraidi. Mkaa huo hufanya kazi vizuri na malighafi yake ni ya hapahapa, lakini una siku yake ya kuchoka, na siku hiyo maji hayabadiliki rangi wala ladha.

Utando hufanya kazi kwa njia nyingine. Hauhifadhi kitu; huzuia ayoni upande mmoja na kuyaacha maji yapite upande wa pili. Kwa kawaida maji hupenya utando wa namna hiyo yakielekea kwenye chumvi nyingi. Pampu ikisukuma kwa nguvu inayoshinda mwelekeo huo, maji hurudi kinyume na kuacha chumvi nyuma, na jambo hilo huitwa osmosisi ya kinyume. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, huko California, walipata utando wa kwanza ulioweza kazi hiyo kwa kiasi cha maana karibu na mwaka 1960. Tando za leo ni za tabaka tatu: kitambaa cha polyesta chini, plastiki yenye vinyweleo katikati, na juu yake ngozi nyembamba ya poliamaidi, unene wake nanomita 100 hivi au zaidi. Ngozi hiyo ya juu ndiyo inayochuja. Vitengo vya kusafishia damu hutegemea tando hizi, na pia mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa.

Poliamaidi ina aibu zake mbili. Kwanza, haina matundu hasa; maji hujipenyeza polepole kati ya nyuzi za molekuli zilizosukana, kama mtu anavyopita katika umati wa sokoni, na kwa hiyo lazima yasukumwe sana. Kwa maji ya bahari kanieneo inayohitajika hufikia mara 60 hivi ya kanieneo ya hewa. Pili, klorini huila. Dawa hiyohiyo inayoyalinda maji bombani inalazimu kuondolewa kabla ya kuufikia utando, na kuanzia hapo maji hubaki bila mlinzi dhidi ya bakteria.

Hapo ndipo grafini inapoingia. Kalamu ya risasi haina risasi. Kilichomo ni grafiti, nayo ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja tu la grafiti, lenye unene wa atomu moja, ndilo grafini. Grafiti yenye unene wa milimita moja ina matabaka kama milioni tatu. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliandika jinsi walivyolitenga tabaka hilo kwa kubandua grafiti kwa utepe wa gundi wa kawaida, tena na tena, na mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Atomu za grafini zimejipanga pembesita kama sega la nyuki, na zimeshikana kwa nguvu kubwa mno.

Jambo la kushangaza ni kwamba grafini iliyo kamili haipitishi kitu. Hata heliamu, gesi ambayo atomu zake ni ndogo kuliko za gesi zote, haipenyi katika sega lile. Ili iwe chujio ni lazima itobolewe, na matobo yawe ya kipimo. Molekuli ya maji ina upana wa nanomita 0.28 hivi. Ayoni ya sodiamu ikiwa peke yake ni ndogo kuliko hapo, lakini ndani ya maji ayoni haitembei bila nguo: hujivika molekuli za maji, na ikiwa na vazi lake hilo upana hufika nanomita 0.7 hivi. Floraidi nayo ni hivyohivyo, tena hulishika vazi lake kwa nguvu kuliko kloraidi na hailiachi kwa urahisi. Tobo lililo kubwa kidogo kuliko molekuli ya maji na dogo kuliko ayoni iliyovaa litapitisha maji na kurudisha ayoni. Na kwa kuwa ukuta wenyewe una unene wa atomu moja, maji yanavuka kizingiti tu, hayana njia ndefu ya kupita. Mwaka 2012 David Cohen-Tanugi na Jeffrey Grossman wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walionyesha kwa kompyuta kwamba utando wa namna hiyo ungeweza kupitisha maji mara mamia kuliko tando zilizopo.

Hesabu hiyo imetangazwa sana, na wengine wameitangaza kupita kiasi. Ni vema isomwe pamoja na hesabu nyingine iliyotolewa na watafiti haohao mwaka 2014: utando unaopitisha maji mara tatu zaidi ungepunguza nishati ya kusafisha maji ya bahari kwa asilimia 15 tu, kwa sababu maji ya bahari yana kima cha chini cha nguvu ambacho utando wowote hauwezi kukikwepa. Kwa maji ya chumvichumvi, ambayo chumvi yake ni kidogo kuliko ya bahari, nafuu ingefika asilimia 46. Kwa maneno mengine, mnufaika mkubwa ni mwenye kisima, kuliko mwenye bahari.

Kati ya hesabu na chombo kuna tatizo ambalo halikupewa uzito mwanzoni, nalo ni la mahali pa kuiegemeza grafini. Kitu chenye unene wa atomu moja hakiwezi kusimama peke yake mbele ya pampu. Kinahitaji kitanda chenye matundu: kigumu cha kutosha kukishikilia, na chenye uwazi wa kutosha kupitisha maji. Mahitaji hayo mawili hugombana. Matundu ya kitanda yakiwa mapana, grafini iliyotanda juu yake haina cha kuegemea, na huweza kupasuka. Yakiwa madogo na machache, sehemu kubwa ya grafini hulala juu ya plastiki isiyo na tundu na haifanyi kazi yoyote. Katika vitanda vya polikaboneti vilivyotumiwa na kundi la Rohit Karnik huko Massachusetts, matundu yalikuwa ya nanomita 200 na yalichukua kama asilimia 10 tu ya eneo. Sehemu tisa katika kumi za grafini, iliyotengenezwa kwa gharama, zilikaa bure.

Kwa upande wa nguvu, habari ni njema kuliko ilivyotarajiwa. Hesabu za mwaka 2014 zilionyesha kwamba grafini yenye matobo ingestahimili kanieneo inayozidi ile ya mitambo ya bahari, mradi matundu ya kitanda yasizidi mikromita moja, na mwaka 2017 majaribio ya kundi la Karnik yalithibitisha kwamba tabaka moja huweza kuhimili mara 100 ya kanieneo ya hewa.

Kasoro ndizo zilizoleta taabu zaidi. Grafini ya eneo kubwa haibanduliwi kwa utepe. Huoteshwa juu ya karatasi ya shaba, katika tanuri la nyuzi joto 1,000 hivi, kwa kutumia gesi ya methani. Kisha huhamishiwa juu ya kitanda, na shaba ikayeyushwa. Katika kuota na katika kuhama huko hutokea mipasuko, mikunjo, na matobo ambayo hakuna aliyeyatoboa. Mwaka 2012 kundi hilo liliripoti kuwa grafini yao ilikuwa tayari na matobo ya nanomita 1 hadi 15 kabla hawajaigusa. Muuguzi yeyote aliyewahi kugawa vyandarua anaelewa maana yake. Chandarua chenye matundu laki moja yaliyo sawasawa na tobo moja la kupitisha kidole hakipimwi kwa yale laki moja. Tobo lenye upana mara kumi huvujisha maji zaidi ya mara kumi, na maji hayo hupita pamoja na ayoni zake zote.

Hapa kitanda kilipewa kazi ya pili, ambayo ndiyo werevu mkubwa wa njia hii. Matundu ya polikaboneti yamenyooka kama mirija, kila moja likiwa peke yake, halikuungana na jirani. Grafini ikipasuka juu ya tundu moja, kinachovuja ni tundu hilo tu. Maji machafu hayasambai chini ya utando mzima. Kisha, mwaka 2015, watafiti hao walipata njia ya kuziba mipasuko bila kuitafuta mmojammoja. Matobo madogo yalizibwa kwa kuufunika utando kwa oksaidi ya hafiniamu. Makubwa yalizibwa kwa nailoni, kwa njia hii: kemikali mbili zinazotengeneza nailoni ziliwekwa kila moja upande wake wa utando. Palipo na grafini nzima hazikukutana. Palipo na tobo zilikutana, zikagandamana, na tobo likajiziba lenyewe. Baada ya hapo ndipo utando ulipopigwa kwa ayoni za galiamu na kulainishwa kwa kemikali ili upate matobo madogo yanayotakiwa. Utando huo, wenye upana wa kupimwa kwa sentimita, ulizuia ayoni zenye chaji zaidi ya moja pamoja na molekuli ndogo. Ni hatua kubwa, lakini floraidi na sodiamu zina chaji moja moja. Mwenye kisima cha floraidi bado hajajibiwa.

Mwaka huohuo wa 2015 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, waliitoboa grafini kwa plasma ya oksijeni na kupata utando uliozuia karibu chumvi yote ya kawaida. Kipande chao kilifunika tundu la mikromita 5, dogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Mwaka 2019 watafiti wa China na Marekani walitumia kitanda cha namna nyingine, wavu wa mirija ya kaboni, unaoishika grafini kama nyuzi za mkeka na kuacha nafasi kubwa ya maji kupita; nao walifikia kipimo cha sentimita. Mashine moja ya kusafishia maji ya hospitali huhitaji utando wa mita za mraba nyingi.

Ipo pia oksaidi ya grafini, ambayo mara nyingi huchanganywa na grafini yenyewe katika matangazo. Hiyo ni vipande vidogo vilivyorundikwa kama magamba ya samaki, na maji hupita katika nafasi za kati ya gamba na gamba. Ni rahisi kutengeneza, lakini ikilowa huvimba, nafasi hupanuka hadi zaidi ya nanomita moja, na ayoni hupita. Mwaka 2017 kundi la Rahul Nair huko Manchester lilipata njia ya kuibana ili isivimbe sana, na likaweza kuzuia asilimia 97 ya chumvi ya kawaida.

Kwa hiyo mgonjwa anayeuziwa chujio la nyumbani lenye jina la grafini hana budi kuuliza swali moja tu: maji yakitoka humo yana miligramu ngapi za floraidi, au za chumvi, kwa lita, na nani amepima? Vichujio vingi vya nyumbani, hata vilivyo bora, hufanya kazi kwa kunasa. Mhandisi Askwar Hilonga wa Arusha, aliyepata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, alibuni chujio linalounganisha mchanga na viambata vya nanoteknolojia vinavyochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali. Werevu wake ni huo wa kuanza na kipimo cha maji ya mahali. Na chujio la kunasa, liwe la nani, lazima libadilishwe kwa wakati, kwa sababu iliyoonekana Chicago. Chujio la utando nalo lina maji yake ya kumwaga, ambamo ayoni zilizozuiwa zimejikusanya; hayo yasipikiwe wala yasinyweshwe mifugo.

Kwa wahudumu wa vitengo vya figo, kazi ya leo ingali ni ya poliamaidi na mkaa. Kipimo cha umeme wa maji kinachosomwa kwenye mashine huonyesha jumla ya ayoni, hakisemi ni ayoni gani, wala hakioni kabisa kloramini, ambayo haina chaji. Kloramini ndiyo inayopasua chembe nyekundu za damu, nayo hupenya utando. Huondolewa na matangi ya mkaa yaliyo mbele yake. Mkaa huo nao ni wa kunasa, una siku yake ya kuchoka. Kwa sababu hiyo maji huchotwa baada ya tangi la kwanza la mkaa na kupimwa klorini yote, kila zamu, kabla mgonjwa wa kwanza hajaunganishwa na mashine, na jibu likizidi miligramu 0.1 kwa lita hakuna anayeunganishwa mpaka sababu ijulikane.